Talaka yangu ni ya karatasi, mume mpya yuko Leicester: viza ya mke naanzia wapi?

Swali: "Shikamoo kaka. Mi ni mwalimu wa msingi niko Tanga, miaka 33. Desemba 2023 nilifunga ndoa na mtu wa hapa hapa Tanga ila ana uraia wa Uingereza, anafanya kazi ghalani Leicester, mshahara wake pauni 27,400 kwa mwaka bila ovataimu, anaishi kwa kaka yake. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9 kwa mume wa kwanza, tuliachana 2021 akanipa talaka ya karatasi mbele ya mashahidi wawili. Mwaka 2024 niliomba viza ya kutembea wakaninyima. Kuna mtu anasema nimpe milioni nne animalizie kila kitu. Naomba unielekeze hatua kwa hatua nianzie wapi, na mtoto ntaweza kwenda naye?"

Marahaba mdogo wangu. Hiyo milioni nne iache kibindoni kwanza, huyo bwana ntamrudia huko chini. Mi hizi faili za wake na waume nazifanya huku Uingereza miaka mingi sasa, nimesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji, na kabla ya hapo niliwahi kuwa upande wako maana mke wangu mwenyewe aliwahi kunyimwa, kwa hiyo mengine ntakayosema ni ya kwenye kanuni na mengine ni ya mtu aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo anaruka.

Watu wengi wanadhani hatua ya kwanza ni fomu. Fomu ni ya mwisho mwisho. Na nilivyosoma maelezo yako kilichonishtua sio mshahara wa mumeo wala ile viza ya kutembea, ni hiyo talaka. Tuanze hapo, pasipokaa sawa hapo mengine yote tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Kidini sina neno. Umeachwa, umekaa eda, sheikh kauliza karatasi ukamwonyesha, akafungisha, watu wamekula pilau, mtaa mzima unajua we ni mke wa nani. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971, hii ya Tanzania Bara, inasema ndoa inavunjwa na mahakama. Talaka anayoitoa mume nyumbani ni hatua mojawapo, haijamaliza kazi. Mnatakiwa mpite baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa Waislamu mara nyingi ni la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu), baraza likishindwa kuwapatanisha linaandika kwamba limeshindwa, halafu mahakama ndo inatoa amri ya talaka. Sasa kama nyie mliishia kwenye ile karatasi na mashahidi wawili basi kwa macho ya sheria ndoa ya kwanza inaweza kuhesabika bado ipo, na hii ya pili ikakosa miguu ya kusimamia. Afisa wa viza wa huku anauliza mambo mawili tu kuhusu ndoa, je ni halali kule ilikofungwa, na je siku hiyo kila mmoja alikuwa huru kuoa au kuolewa. Fomu inauliza wazi kama ulishawahi kuolewa na iliisha lini, na wanataka karatasi ya kuonyesha. (Zanzibar wana utaratibu wao wa mahakama za kadhi, kwa hiyo shoga yako wa Unguja akikwambia "mbona mimi yangu ilipita" usimfuate.)

Cha kufanya: tafuta wakili hapo Tanga, au watu wa msaada wa kisheria kama hela hakuna, mpelekee ile karatasi ya 2021 umuulize swali moja tu, "je kisheria mimi nimeachika?" Akisema bado, fungua shauri, hata mahakama ya mwanzo inasikiliza mambo ya ndoa. Kama mume wa kwanza hana kinyongo halitakuwa jambo la kutoana jasho. Ukishapata amri, mfunge ndoa upya na huyu wa Leicester, ndoa mpya, cheti kipya, tarehe mpya iliyo BAADA ya tarehe ya amri ya mahakama. Usione haya, nimeshaona wanandoa wana watoto wawili wanarudi kwa sheikh kimya kimya asubuhi, soda mbili na kashata, basi. Na mtu akikwambia "tutakurudishia tarehe nyuma", kimbia. Kwenye barua yako ya maelezo utasema ukweli wote, tulifunga 2023 kwa nia njema, baadaye tukagundua talaka ya kwanza haikupita mahakamani, tukarekebisha, hii hapa amri, hiki hapa cheti kipya. Afisa akiona umeanika mwenyewe hana cha kufukua.

Hujasema kama mumeo naye alishawahi kuoa. Kama alioa huku, basi naye aonyeshe karatasi ya mwisho ya mahakama ya Uingereza, sio ile ya katikati ambayo unapewa halafu unasubiri wiki kadhaa, na iwe na tarehe ya kabla hajakuoa. Talaka aliyotamka sebuleni Leicester haihesabiki huku hata kidogo. Muulize leo, na uione kwa macho yako.

Kitu kingine kabla sijaondoka kwenye mahakama. Ukiwa na wakili, mwambie aombe humo humo na amri ya malezi ya mtoto. Ntaeleza kwa nini.

Sasa hela. Kiwango cha kipato cha mdhamini, yaani mumeo, ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, tangu tarehe 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600 miaka na miaka. Utasikia watu wanatumiana voisi kwamba ni 38,700, huo ulikuwa mpango wa serikali iliyopita, hii iliyoingia 2024 ikausimamisha, mpaka naandika hivi bado ni 29,000. Mshahara wako wa ualimu hauingii kwenye hesabu hata shilingi, maana ukiwa nje ya Uingereza kazi yako ya huko hawaihesabu. Inauma lakini ndo hivyo.

Mumeo ana 27,400, amepungukiwa 1,600. Usimlaumu, kuna njia. Ya kwanza ni ovataimu. Wanaihesabu kwa wastani wa miezi sita ya mwisho, kwa hiyo akipiga ovataimu ya wastani wa pauni 140 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,680, jumlisha na 27,400 unapata 29,080. Amevuka kwa pauni 80 tu, mi ningemwambia afike 200 kwa mwezi ili mwezi mmoja akiugua mafua hesabu isianguke. Ya pili ni akiba. Hapa wana hesabu ya ajabu kidogo: pauni 16,000 za kwanza hazihesabiki kabisa, zinazozidi hapo ndo zinaziba pengo, na pengo linazidishwa mara mbili na nusu. Kwa hiyo 1,600 mara 2.5 ni 4,000, ongeza 16,000, awe na 20,000 benki miezi sita mfululizo bila kushuka chini ya hapo. Akiba yako inaweza kujumlishwa na yake, na hata zawadi ya wazazi inakubalika, ila iwe imelala benki kwa jina lenu miezi sita, ieleweke imetoka wapi, na isiwe mkopo. Hela ya kikoba ikivunjwa ipeleke benki siku hiyo hiyo ianze kuhesabiwa, ikikaa kwenye simu haikusaidii. Ya tatu ni kazi ya pili ya wikiendi, nayo awe ameishika miezi sita. Kwa mtu wa ghalani mi naona ovataimu ndo njia fupi, elfu ishirini za benki ni wachache wanazo.

Kuna watu hawahusiki na hiyo 29,000, wale ambao mdhamini anapokea malipo fulani ya ulemavu au ya kumhudumia mgonjwa, hao wana kipimo chao chepesi zaidi. Sidhani ni nyie, nimesema tu kwa anayesoma.

Sasa nikuhadithie ya kwangu. Mwaka 2014 kiwango kikiwa 18,600 mimi nilikuwa napata zaidi ya 21,000, nikajiona nimeshafika. Barua ya mwajiri wangu ilikuwa ya kusifia kweli kweli, eti mimi mchapakazi na mtu wa kutegemewa, mistari minne. Haikusema nilianza kazi lini. Haikusema kazi ni ya kudumu au ya mkataba. Haikusema mshahara huo nimeanza kuupata lini. Na kwenye stetimenti ya mwezi mmoja niliskani ukurasa wa kwanza na wa tatu, wa pili ulibaki kwenye mashine. Wakanyima. Mke wangu alikuwa ameshauza makochi na friji, akakaa kwenye mkeka miezi kumi na moja mpaka tulipopata mara ya pili, na mpaka leo tukigombana hilo la makochi linatoka.

Ndo maana nakwambia, afisa hapimi mapenzi yenu kwa mizani, anasoma karatasi na tarehe. Barua ya mwajiri wa mumeo iseme vitu vinne: mshahara kwa mwaka kabla ya kodi, ameanza kazi lini, mshahara huo anaupata tangu lini, na kazi ni ya aina gani. Slipu za mshahara za miezi sita. Stetimenti za benki za miezi hiyo hiyo sita, kurasa zote hata ile tupu yenye namba ya ukurasa tu, na kama amezitoa kwenye intaneti zigongwe mhuri wa benki au ziambatane na barua ya benki. Slipu ikisema amepokea 1,912.40 basi benki lazima isome 1,912.40 siku hiyo au ya karibu yake, tofauti ikiwepo (labda kakatwa mchango fulani) aandike sentensi mbili kueleza. Na iliyo ya mwisho katika hizo karatasi isizidi siku 28 nyuma ya siku mnayolipia fomu. Siku ya kulipia fomu ndo siku ya maombi, sio siku ya kwenda kupiga alama za vidole, hapa watu wengi wanajikwaa. Akibadilisha kazi katikati ya hiyo miezi sita mnahamia kwenye utaratibu mwingine unaoangalia miezi kumi na mbili, kwa hiyo mwambie hata kama ghala la jirani linalipa zaidi kidogo atulie kwanza.

Nyumba. Anaishi kwa kaka yake, sio tatizo, wengi wetu tulianza hivyo. Wanachotaka ni nyie muwe na chumba chenu wenyewe na nyumba isiwe imefurika watu kwa mujibu wa sheria ya nyumba ya huku. Sebule inahesabika kama chumba. Tuseme ni vyumba vitatu na sebule, hiyo ni vinne, kisheria inabeba watu saba na nusu. Usicheke, mtoto wa mwaka mmoja mpaka chini ya miaka kumi anahesabika nusu. Mwanao leo ni nusu mtu, akifika kumi anakuwa mzima, piga hesabu mapema. Na tangu akifika hiyo kumi hatakiwi kulala chumba kimoja na mtu wa jinsia nyingine, hapo nataka kujua watoto wa kaka ni wa kike au wa kiume. Kaka aandike barua kwamba amekubali, na karatasi za nyumba ziambatane, mkataba wa kupanga au wa mkopo wa nyumba. Kama amepanga basi na mwenye nyumba aridhie kwa maandishi.

Haya, mtoto. Hapa ndo nilipokwambia amri ya malezi. Mumeo sio baba yake mzazi, kwa hiyo kanuni inakutaka wewe uonyeshe kwamba ndiye unayembeba peke yako kwa maamuzi yote makubwa: shule gani, hospitali gani, analala wapi, nani anasaini. Kumlipia ada peke yake hakutoshi, na bibi yake kukaa naye ukiwa kazini hakuharibu ilimradi maamuzi ni yako. Watu wengi wanakimbilia kwa baba mtoto wakamwandikishe barua ya ruhusa, baba kwa nia njema anaandika "mimi na mama yake tunashirikiana kumlea mtoto wetu, sina pingamizi aende." Umekwisha! Hilo neno tunashirikiana ndo litakalonukuliwa kwenye barua ya kunyimwa. Kama kweli mnashirikiana, basi ni kweli na usimfundishe mtu uongo, ongea na mwanasheria kuhusu njia nyingine iliyopo kwenye kanuni maana ipo ila ni nyembamba. Lakini kama kweli anachofanya ni kutuma kanzu ya Idi, basi aandike hivyo hivyo, kwamba tangu mwaka fulani hashiriki kwenye maamuzi na hana pingamizi. Halafu we kusanya: barua ya mwalimu mkuu kwamba mzazi anayefika shule na kusaini ni wewe, risiti za ada, kadi ya kliniki, na hiyo amri ya mahakama. Mtoto anaombewa fomu yake mwenyewe na ada yake mwenyewe.

Na majina, jamani majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Omari, kitambulisho cha NIDA kinasema Omary, pasi inasema Omar, cheti cha ndoa sheikh kaandika alivyosikia. Sisi tunajua ni mtu mmoja, kompyuta haijui. Zipange karatasi zote mezani, zako na za mtoto, angalia herufi kwa herufi, zinazorekebishika zirekebishe, zisizorekebishika nenda kwa wakili ukale kiapo cha majina. Fanya kabla ya ndoa mpya ili cheti kipya kiandikwe kama pasi ilivyo.

Uhusiano wenu. Nadhani hapa hamna shida ila mtashangaa ushahidi ulivyo mwembamba, kwa sababu Waswahili tunaongea, hatuandiki. Faili nyingi zinakuja hivi: voisi noti mia tatu, simu ya saa mbili kila usiku, na meseji tatu. "Umekula?" "Nimekula, we je?" "Bado niko shifti." Afisa anasoma hivyo anaona watu wawili wanaulizana chakula, hajui kwamba "umekula?" ndo "nakupenda" yetu. Skrinishoti za orodha ya simu zinaonyesha tarehe na dakika mlizoongea, hizo ni dhahabu, chukua chache za kila mwezi tangu mlipoanza. Risiti za hela anazokutumia. Tiketi zake za ndege na mihuri ya pasi alipokuja. Picha kumi na tano zinatosha, zenye watu wa familia ndani, andika chini ni wapi na lini na nani ni nani. Usitume kurasa mia sita za WhatsApp, nani atasoma?

Halafu kila karatasi ya Kiswahili inatakiwa tafsiri ya Kiingereza. Hili la Watanzania hasa, maana mahakama ya mwanzo inaandika Kiswahili, BAKWATA Kiswahili, serikali ya mtaa Kiswahili. Kujitafsiria haifai hata kama we ni mwalimu wa Kiingereza. Mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi kulingana na hati yenyewe, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Hata zile meseji, ndo sababu nyingine ya kuchagua chache.

Kiingereza chako. Diploma ya ualimu haitoshi kukuepusha na mtihani, wanataka digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza na hata hiyo inapitishwa kwanza kwa wakala wao wa kuhakiki vyeti. Kwa hiyo utafanya mtihani wa ngazi ya chini kabisa, A1, ni kuongea na kusikiliza tu, ule wa IELTS Life Skills ni dakika 16 mpaka 18, unakaa na mtahiniwa mwenzio na msahihishaji mnaongea habari za familia na kazi. Kwa mwalimu ni kama kunywa chai. Kosa ni moja, watu wanakwenda kufanya IELTS ya kawaida ya chuo, wanalipa hela nyingi, wanafaulu vizuri, na haikubaliki. Lazima uwe ule ulioidhinishwa kwa viza na kwenye kituo kilicho kwenye orodha ya serikali ya Uingereza. Mtoto hafanyi.

Kipimo cha kifua kikuu nacho lazima kwa anayetoka Tanzania, kwenye kliniki iliyo kwenye orodha yao tu, cheti cha daktari wako wa Tanga hawakiangalii. Kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie, hiki kiwe cha mwisho mwisho. Ukiwa mjamzito waambie kabla ya eksirei. Mwanao akiwa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi eksirei, anaulizwa maswali na kuangaliwa, ila lazima umpeleke.

Ile viza ya kutembea ya 2024 usiifiche. Wanayo kwenye kompyuta yao, picha yako na vidole vyako vyote kumi. Kunyimwa sio kosa, kusema hujawahi kunyimwa ndo kosa, na udanganyifu peke yake ni sababu ya kukataliwa hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Tafuta ile barua, isome uone uliandika nini kuhusu ndoa. Kama kwenye fomu ya 2024 ulijaza "sijaolewa" kwa sababu mtu alikwambia itapita kirahisi, hilo nataka ulijue sasa na ulieleze, sio walikute wao.

Jumla ya gharama, kaa chini. Ada ya maombi ukiwa nje ilikuwa pauni 1,938 kwa kila mtu kuanzia Aprili 2025, na huwa wanapenda kupandisha mwezi wa Aprili kwa hiyo angalia siku unayolipa. Juu yake kuna ada ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, viza ni ya miezi 33 lakini wanakutoza miaka mitatu. Kwa ada hiyo ya 2025, wewe 5,043, mtoto 4,266, mkiwa pamoja 9,309, hapo bado mtihani, kipimo, tafsiri na nauli za Dar. Mkinyimwa viza, ada ya matibabu inarudi, ile ya maombi hairudi ng'o. Ndo maana sitaki mlipie kabla mambo hayajakaa sawa. Kunyimwa sio mwisho, una siku 28 za kukata rufaa ukiwa nje au unaomba upya, ila kwa makosa ya karatasi kama yangu kuomba upya mara nyingi ni haraka kuliko kusubiri jaji.

Sasa yule bwana wa milioni nne. Muulize amesajiliwa wapi. Anayetoa ushauri wa uhamiaji huku Uingereza lazima awe wakili au awe amesajiliwa na mamlaka ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, na majina yote yako kwenye tovuti yao, unatafuta bure. Aliyeko Tanga hawajibiki kwa hiyo mamlaka, sawa, lakini mwambie tu akuonyeshe faili moja aliyoifanya, umuulize ile 16,000 ya akiba inahesabiwaje. Akibabaika umeshapata jibu. Na akikwambia "nina mtu ndani ubalozini", viza ya mke haiamuliwi na mtu wa Dar, faili linasomwa Uingereza na mtu ambaye hajui Ngamiani iko wapi, na kwa kawaida hakuna hata mahojiano. Vilevile ukijaziwa fomu na mtu akaweka uongo, anayeadhibiwa ni wewe uliyesaini.

Kwa hiyo mpangilio wako mi nauona hivi. Wiki hii nenda baraza la BAKWATA ukaulize kama ile talaka ya 2021 iliwahi kufika kwao na kama kuna maandishi yoyote, halafu kwa wakili. Mumeo yeye mwezi huu huu aanze ovataimu na aweke kila slipu kwenye bahasha, maana miezi yake sita inaweza kukimbia sambamba na kesi yako ya mahakamani, msisubiriane. Majina na kiapo wakati unasubiri tarehe. Amri ikitoka, ndoa, cheti, tafsiri, mtihani. Kifua kikuu. Fomu. Kama mahakama itachukua muda mrefu kuliko tunavyotegemea ipo njia ya viza ya mchumba, mnakuja kufunga ndoa huku ndani ya miezi sita, lakini huruhusiwi kufanya kazi hiyo miezi sita na baadaye mnalipa tena kubadilisha, na hata hiyo inakutaka uwe umeachika kwa kueleweka, kwa hiyo haikukwepeshi mahakama.

Ukishatoka kwa wakili niandikie alichosema, na unipigie picha ile karatasi ya talaka na ile barua ya kunyimwa ya 2024, funika majina ya watu. Na hiyo hesabu ya vyumba, muulize shemeji yako watoto wake wana miaka mingapi.